Folda Usizozijua Kwenye Kompyuta: Namna ya Kuchunguza Kabla ya Kuamua Kwamba Umedukuliwa

Kompyuta nyingi tunazofanyia kazi hapa Mwanza, kuanzia kwenye ofisi ndogo za wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hadi kwenye vyumba vya wanafunzi wa Malimbe na Nyegezi, zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, zikapita mikononi mwa fundi mmoja au wawili, na Windows yake ikawekwa na mtu ambaye mwenye kompyuta hakuwapo kumwona akifanya kazi. Kwa hiyo mtu anapofungua diski ya C, akaingia kwenye folda iitwayo Users na kukuta humo majina asiyoyafahamu, hofu yake ina msingi. Mwongozo huu, unaohusu Windows 10 na Windows 11, unaonyesha namna ya kuipima hofu hiyo mwenyewe kwa jioni moja, bila kumlipa mtu, mradi tu mambo matatu yasichanganywe: folda ni kitu kimoja, akaunti ya mtumiaji ni kitu kingine, na mtu kuingia kwa kutumia akaunti hiyo ni kitu cha tatu. Folda inaweza kuwapo bila akaunti, akaunti inaweza kukaa miaka bila mtu yeyote kuingia nayo, na mdukuzi anaweza kusoma barua pepe zako zote bila kuacha hata folda moja kwenye mashine yako.

Kabla ya kugusa chochote

Usifute. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo mtu aliyeshtuka hulifanya, na ndilo linaloharibu zaidi. Ukifuta folda ndani ya Users, akaunti yenyewe haifutiki. Kumbukumbu zake hubaki kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, na kama kwa bahati mbaya folda hiyo ilikuwa ya kwako mwenyewe au ya programu unayoitegemea, utawasha kompyuta siku inayofuata ukute skrini ya kwanza (desktop) haina kitu. Zaidi ya hapo, ikiwa kweli kuna mtu aliingia, utakuwa umefuta ushahidi wake kwa mkono wako.

Chukua simu, piga picha ya orodha ya folda zote ulizoziona, kisha bofya kila folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", na uandike kwenye daftari tarehe ambayo folda hiyo iliundwa. Baada ya hapo fungua Settings, ingia System, halafu About, na utazame tarehe iliyoandikwa mbele ya maneno "Installed on". Folda iliyoundwa siku ileile Windows ilipowekwa, au siku ambayo fundi alikuwa na kompyuta yako, ina maelezo yaliyo karibu. Kumbuka lakini kwamba sasisho kubwa la Windows nalo hubadilisha tarehe hiyo ya "Installed on", kwa hiyo isikushangaze ikiwa ni ya karibuni kuliko siku uliyonunua kompyuta.

Kuna hali moja tu ambayo hairuhusu utulivu huu wote. Kama unaona mshale wa kipanya ukitembea wenyewe, madirisha yakifunguka bila wewe kuyafungua, au benki imekutumia ujumbe wa muamala usioufahamu, zima Wi-Fi au mtandao wa simu unaoilisha kompyuta mara moja, na uruke moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: tambua majina

Sehemu kubwa ya majina yanayowatia watu hofu yamewekwa na Windows yenyewe. Folda ya Public ipo katika kila kompyuta na ni mahali pa kuweka mafaili yanayotumiwa na watumiaji wote. Default ni kiolezo ambacho Windows hunakili kila inapotengeneza akaunti mpya, na kwa kawaida imefichwa, ndiyo maana mtu huiona kwa mara ya kwanza siku aliyowasha uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa na kudhani imeingia siku hiyo. All Users ni kiungo kinachokupeleka kwenye folda ya ProgramData. Default User nayo ni kiungo cha zamani, na ukijaribu kuifungua utaambiwa huna ruhusa. Kukataliwa huko hakumaanishi kwamba kuna mtu amejifungia humo.

Jina defaultuser0 huachwa na zoezi la kuweka Windows, na ndugu yake defaultuser100000 huonekana baada ya kompyuta kuwekwa upya au kupandishwa toleo. Folda iitwayo TEMP ni ya kuangaliwa kwa makini, si kwa sababu ya wadukuzi, bali kwa sababu hujitokeza pale Windows inaposhindwa kufungua wasifu wako (profile, yaani mafaili na mipangilio yako) na kukupa wa muda. Kila utakachohifadhi humo kitapotea utakapotoka. Ukikuta jina lako likifuatiwa na nukta na jina la kompyuta, au nukta na tarakimu 000, maana yake ni kwamba Windows ilitaka kukutengenezea folda, ikakuta lipo jina kama hilo tayari, ikaunda ya pili kwa jina hilo lililoongezewa mkia.

Wahasibu wa maduka wanaotumia QuickBooks wanaweza kukutana na QBDataServiceUser ikifuatiwa na namba inayobadilika kulingana na toleo la programu. Hiyo ni akaunti ambayo programu hiyo huiunda kwa ajili ya hifadhidata yake. Programu za hesabu au za mauzo zinazotumia SQL Server, mfumo wa hifadhidata wa Microsoft, huweza kuacha folda yenye jina la MSSQL$SQLEXPRESS, na mtu aliyejifunza kutengeneza tovuti kwenye kompyuta hiyo anaweza kuwa ameacha DefaultAppPool. Ukizifuta hizi, mdukuzi hatapata hasara yoyote. Wewe ndiye utakayeshindwa kufungua vitabu vya hesabu mwisho wa mwezi.

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote, hata hivyo, ni jina lililokatwa. Mtu anapoanzisha kompyuta kwa kutumia akaunti ya Microsoft, Windows huipa folda yake jina la herufi tano za mwanzo za anwani yake ya barua pepe. Tuseme mwenye bucha la samaki Igogo amejisajili kwa anwani inayoanza na "sangarabora". Folda yake itaitwa "sanga". Sanga ni jina la ukoo linalojulikana nchini kote, hasa kwa watu wa Njombe, na mwenye bucha ambaye hana mfanyakazi wala ndugu wa jina hilo ataapa kwamba kuna Bwana Sanga aliyeingia kwenye kompyuta yake. Kabla ya kumtafuta mtu huyo, hesabu herufi tano za kwanza za kila anwani ya barua pepe ambayo wewe, watoto wako, au msaidizi wako wa dukani amewahi kuitumia kwenye mashine hiyo.

Kuna pia wanaoingia kwenye kichupo cha "Security" cha folda na kukuta mstari unaosema "Account Unknown" ukifuatiwa na msururu wa tarakimu. Ukianza na S-1-15-3, huo ni utambulisho ambao Windows huutumia kuzipa programu zake ruhusa, na Microsoft yenyewe inaonya usiondolewe. Ukianza na S-1-5-21, mara nyingi ni mabaki ya akaunti iliyokuwapo ikafutwa, au ya mtumiaji wa Windows iliyotangulia.

Hatua ya pili: tafuta akaunti zilizo hai

Sasa acha folda na uulize kompyuta yenyewe ina watumiaji gani. Bofya kitufe cha Windows, andika powershell, ambalo ni dirisha la kuandikia amri, lifungue, kisha andika amri hii na ubonyeze Enter:

Get-LocalUser

Utapata orodha yenye majina, na mbele ya kila jina neno True au False linaloonyesha kama akaunti hiyo imewashwa. Naipendekeza amri hii kuliko ile ya zamani ya net user kwa sababu net user haionyeshi akaunti ambazo jina lake linaishia na alama ya dola, na wadukuzi wanaijua hila hiyo. Katika kompyuta ya kawaida utaona Administrator, DefaultAccount, Guest na WDAGUtilityAccount, zote nne zikiwa False, pamoja na akaunti yako ikiwa True. Jina lolote la ziada lenye True linahitaji maelezo. Administrator ikiwa True, muulize kwanza aliyekutengenezea, kwa kuwa mafundi huiwasha wanapomwokoa mtu aliyesahau nenosiri na mara nyingine hawaizimi wakimaliza.

Kisha andika:

net localgroup administrators

Hawa ndio wenye mamlaka ya kufanya lolote kwenye mashine hiyo. Mtu usiyemjua akiwa kwenye orodha hii ana uzito mkubwa zaidi kuliko folda kumi zenye majina ya ajabu. Mwisho, kwa kila jina linalokutia shaka, andika net user, nafasi, halafu jina lenyewe, ukilizungushia alama za nukuu za mstari mmoja (' ') kama lina alama ya dola. Tafuta mstari wa "Last logon". Ukisema "Never", akaunti hiyo haijawahi kutumika kuingia kwenye Windows hiyo, na unaweza kupumua kidogo.

Hatua ya tatu: angalia nani aliingia na kwa njia gani

Andika Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio, kwenye sehemu ya kutafutia, uifungue kwa ruhusa ya msimamizi ("Run as administrator"), kisha ingia Windows Logs na baadaye Security. Utakutana na maelfu ya mistari, kwa hiyo tumia "Filter Current Log" na uandike namba moja moja. Namba 4720 inaonyesha akaunti mpya iliyoundwa, 4732 inaonyesha mtu aliyeongezwa kwenye kundi kama lile la wasimamizi, na 4624 inaonyesha kila kuingia kulikofanikiwa.

Hapa ndipo watu wengi hushikwa na hofu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa 4624 hujitokeza mara nyingi hata usiku ambapo hakuna mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Fungua mstari mmoja na usome sehemu ya "Logon Type". Aina ya 5 ni huduma za Windows zenyewe zikijiwasha, na ndizo nyingi. Aina ya 2, 7 na 11 ni za mtu aliye mbele ya mashine, akiingia au akifungua skrini iliyokuwa imejifunga. Majina ya DWM-1 na UMFD-0 huonekana yakiwa na aina ya 2 kana kwamba ni watu, lakini ni sehemu za Windows zinazochora madirisha na herufi kwenye skrini. Aina ya 3 ni ya kupitia mtandao, na ni ya kawaida katika ofisi ambayo kompyuta mbili zinashirikiana mafaili au printa. Aina ya 10 ni mtu aliyeingia kutoka mbali kwa Remote Desktop, na kama wewe huitumii huduma hiyo, mstari mmoja tu wa namna hiyo unatosha kukufanya ukate mtandao. Ukiona namba 1102, maana yake kuna mtu aliyefuta kumbukumbu zote za usalama. Muulize fundi, na kama hana jibu, chukulia kwamba kompyuta hiyo haiaminiki tena.

Kumbukumbu hizi zina kikomo cha ukubwa, kwa kawaida MB 20, na mistari mipya hufuta ya zamani. Kwa hiyo kutoona kitu cha mwezi uliopita hakuthibitishi kwamba hakikutokea.

Hatua ya nne: milango ambayo haina folda

Fungua Settings, ingia Apps, na usome orodha yote ya programu zilizowekwa. Tafuta AnyDesk, TeamViewer au nyingine za aina hiyo. Ni programu halali kabisa, na mafundi wetu huzitumia kumsaidia mteja aliye Ukerewe bila kumlazimu kupanda kivuko, lakini zinaweza kuwekewa nenosiri la kudumu linalomruhusu aliyeziweka kuingia wakati wowote bila wewe kubonyeza kukubali. Kama huna kazi nayo leo, iondoe. Ukiihitaji kesho itawekwa tena kwa dakika chache.

Kisha fungua Windows Security, ingia kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya virusi, na ushuke hadi "Exclusions". Hapo ni mahali pa kuiambia Windows isikague folda fulani. Ukikuta folda humo ambayo hukuiweka wewe, huenda inatokana na zile programu za kuwezesha Windows isiyolipiwa, ambazo hudai ulinzi uzimwe kwanza ndipo zifanye kazi. Nasema kwa uzito wote kwamba hili linanisumbua kuliko folda yoyote ya Users. Mtu anayekwepa kununua leseni kwa njia hiyo anaipa programu asiyoijua mamlaka kamili juu ya mashine yake, kisha anamfunga mlinzi macho, na programu za namna hiyo zimekuwa njia inayojulikana ya kusambaza virusi vinavyoiba manenosiri.

Kwa kompyuta zilizotoka Ulaya au Marekani, tazama pia kwenye Settings, sehemu ya Accounts, mahali palipoandikwa "Access work or school". Ikiwa kuna jina la kampuni ambayo hujawahi kuifanyia kazi, mashine yako bado imeunganishwa na mwajiri wa mmiliki wa zamani, ambaye anaweza kuipa maagizo kutoka mbali au hata kuifuta. Mrudie aliyekuuzia.

Maliza hatua hii kwa ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, unaopatikana ndani ya Windows Security kwenye "Scan options". Kompyuta itajizima na kuwaka tena, na ukaguzi huchukua kama dakika 15, kwa hiyo hifadhi kazi zako na uhakikishe betri imejaa, hasa mtaani kwenu umeme ukiwa wa kukatika katika.

Hatua ya tano: barua pepe na namba ya simu

Kwa mtazamo wangu, anayetaka mali yako hana haja kubwa ya folda ndani ya Users. Anataka barua pepe yako, kwa kuwa nayo anaweza kubadilisha manenosiri ya kila kitu kingine, na anataka namba yako ya simu, kwa kuwa huko ndiko pesa ziliko. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, utazame orodha ya vifaa vilivyoingia, na ukitumia Gmail kwenye kompyuta bofya neno "Details" lililo chini kabisa upande wa kulia ili uone mara za mwisho akaunti ilipotumika. Mwenye akaunti ya Microsoft ataona orodha kama hiyo kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti yake.

Usishtuke ukiona umeandikiwa kwamba uliingia ukiwa Dar es Salaam wakati hujatoka Buzuruga wiki nzima. Mahali hapo hukadiriwa kwa anwani ya mtandao, na mtu anayetumia data ya simu akiwa kando ya ziwa huweza kuonekana yuko Dar es Salaam. Angalia zaidi aina ya kifaa na saa. Simu ya iPhone kwenye orodha ya mtu ambaye hajawahi kuwa nayo ni habari nzito. Kompyuta ya Windows saa nne asubuhi siku ya kazi, huenda ni wewe. Huenda pia ni ile kompyuta ya steshenari ulikochapisha barua ya maombi ya kazi ukaondoka bila kutoka kwenye akaunti, na hilo huondolewa papo hapo kwa kukiondoa kifaa hicho kwenye orodha.

Kagua vilevile mipangilio ya kupeleka barua kwa anwani nyingine na ya vichujio (filters). Mtu aliyewahi kuingia mara moja anaweza kuwa ameweka agizo kwamba kila barua yenye neno "malipo" ipelekwe kwake, na agizo hilo huendelea kufanya kazi hata baada ya wewe kubadilisha nenosiri. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na ukikuta namba usiyoijua nenda kwenye duka la mtandao husika ukaikane.

Ikithibitika kwamba kweli umeingiliwa

Kata mtandao wa kompyuta, lakini usiizime kabla ya kupiga picha za yale uliyoyaona kwenye skrini. Tumia kifaa kingine unachokiamini, si kompyuta hiyohiyo, kubadilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kisha la benki, kisha mengine yote. Waarifu benki na kampuni ya simu. Toa taarifa kituo cha polisi upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa, na bila RB ni vigumu kudai lolote baadaye. Namba inayokutumia jumbe za utapeli unaweza kuiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza.

Baada ya hapo nakili nyaraka na picha zako kwenye flashi, usinakili programu, na uweke Windows upya kutoka kwenye flashi nyingine yenye angalau GB 8 iliyotengenezwa kwa zana ya Microsoft yenyewe, ukifuta sehemu zote za diski wakati wa zoezi hilo. Kama mashine inakubali Windows 11, weka hiyo, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ushauri huohuo wa kuweka upya nampa pia mtu aliyenunua kompyuta iliyotumika na hajawahi kuifuta, hata kama hakupata dalili yoyote mbaya, maana kuisafisha kipande kwa kipande ni kazi isiyo na mwisho. Ukikuta humo picha au hati za mmiliki wa zamani, zifute bila kuzisambaza; ni taarifa za mtu, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayozihusu.

Kama uchunguzi umeonyesha kwamba folda ni mabaki tu ya mtumiaji wa zamani na unataka kuiondoa, andika SystemPropertiesAdvanced kwenye sehemu ya kutafutia, ingia "Settings" chini ya "User Profiles", chagua wasifu huo na ubofye "Delete". Njia hii huondoa folda pamoja na kumbukumbu zake kwenye rejista kwa pamoja. Kisha endesha Get-LocalUser mara nyingine, piga picha ya majibu, na uihifadhi kwenye simu. Siku utakapoipeleka kompyuta kwa fundi, iendeshe amri hiyo kabla ya kumkabidhi na tena atakapokurudishia, ukiwa bado umesimama mbele ya meza yake, ili jina lolote lililoongezeka uliulize hapohapo.